Muulize Anko Faili: koliki ya nani, na kwanini karatasi imerudi

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja na neno moja, koliki, yaani maumivu yanayokuja kwa mawimbi. Kuna mama, kuna mwanafunzi, kuna dereva, kuna tabibu, mpaka bibi mmoja kaandikiwa na mjukuu wake. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mi sio daktari. Mi ni mzee wa kumbukumbu na bima, nakaa chumba cha mafaili nasoma alichoandika daktari nakibadilisha kuwa namba, alafu namba zinaenda kudai hela. Kwahiyo ukiniuliza dawa umepotea njia, ila ukiniuliza kwanini karatasi yako imerudi, hapo umefika.

*Shikamoo anko. Mwanangu ana wiki sita, ikifika magharibi anaanza kulia mpaka saa nne usiku, anakunja miguu, anakuwa mwekundu, ukimnyonyesha anaachia. Nilimpeleka hospitali moja huku kwetu, daktari akampima vizuri tu akasema ni koliki, itaisha yenyewe. Juzi naitwa dirisha la bima naambiwa kleimu imerudi, eti umri na ugonjwa haviendani, nilipe mwenyewe. Wiki sita jamani, umri gani tena unataka? (Mama mtoto, Mbagala Rangi Tatu)*

Marahaba mama. Pole kwa kukesha. Sasa kabla hujalipa hata mia, rudi pale dirishani uombe kitu kimoja, wakufungulie faili la mtoto usome tarehe ya kuzaliwa. Nina wasiwasi mkubwa umri wa mwanao kwenye kompyuta sio wiki sita.

Nakwambia hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe, miaka ya nyuma, sehemu ambayo sitaitaja. Madaktari wana namna yao ya kufupisha muda, siku tatu wanaandika 3/7, wiki sita wanaandika 6/52, miezi sita wanaandika 6/12. Chini unaweka siku za wiki, au wiki za mwaka, au miezi ya mwaka. Basi siku hiyo imekuja karatasi ya mtoto, peni inakata wino, imeandikwa 6 alafu mstari alafu namba mbili, ile 5 imejikunja kidogo tu juu imekuwa kama 1. Mtoto hakuwa hata na jina, faili limeandikwa "B/O" na jina la mama, yaani mtoto wa fulani, tarehe ya kuzaliwa mapokezi wameacha wazi. Mi nikasoma 6/12, nikarudi nyuma miezi sita nikamtengenezea tarehe ya kuzaliwa ya kwangu, nikaweka namba ya koliki, nikatuma, nikaenda zangu kula chips mayai.

Ikarudi. Na aliyeirudisha alikuwa na haki kabisa, mana koliki ya watoto inaanza wiki za mwanzo, inapanda inafika kileleni kwenye kama wiki ya sita, ikifika miezi mitatu minne inakuwa imeisha. Mtoto wa miezi sita ambaye ghafla anaanza kulia kwa vipindi na kukunja miguu ni habari nyingine, huo ndio umri ambao utumbo unaweza kuingia ndani ya utumbo mwenzake, na hiyo ina namba yake K56.1 na ni ya kukimbizwa theatre, sio ya kuambiwa itaisha yenyewe. Msomaji wa kleimu kaona miezi sita, analia kwa vipindi, hajapigwa hata ultrasaundi, kaandikiwa koliki karudishwa nyumbani. Na wewe ungeuliza.

Kwahiyo mama, beba kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa na uzito, waombe warekebishe waitume tena. Hasira utaziweka kwanza mfukoni, yule dada wa dirishani hajaandika yeye. Wakikwambia tarehe iko sawa kabisa basi tatizo liko kwenye maandishi ya daktari, nenda mbele kidogo usome nilichomjibu tabibu wa Kigamboni.

*Anko mambo, mi nasoma kumbukumbu za afya mwaka wa pili. Nimetafuta koliki kwenye intaneti nimepewa namba R10.83, nikaiweka kwenye zoezi mwalimu kanikata anasema ni R10.4. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Ubungo)*

Poa mdogo wangu. Wakweli wote wawili, ila umechukua kitabu cha jirani.

Iko hivi. ICD, yaani kitabu cha namba za magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, ukienda kwenye R10 yaani maumivu ya tumbo na nyonga, koliki imewekwa ndani ya R10.4 pamoja na maumivu mengine ya tumbo yasiyoelezwa vizuri, iwe koliki isiyotajwa ni ya nini au koliki ya mtoto mchanga, zote humo humo kwenye kapu moja. Wamarekani wao wakachukua kitabu hicho wakakikatakata kiwe na vyumba vingi zaidi, wakakiita ICD-10-CM, wakaanza kukitumia rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, na humo ndimo ilimo R10.83 yako. Tena kwao ina geti la umri, ukizidi miezi 12 hairuhusiwi, unapelekwa R10.84. Intaneti imejaa kurasa za Wamarekani kwa sababu kule namba ni hela na kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kwahiyo ukitafuta chochote utaletewa ya kwao kwanza. Angalia jalada la kitabu ulichopewa chuoni kabla hujaangalia namba. Namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta iwe inakushtua kidogo, uliza imetoka toleo gani.

Na kuna mtego mwingine ambao naona mwalimu wako atakuletea kwenye mtihani. Daktari akiandika "mtoto analia sana" akaishia hapo bila kutaja koliki, usijifanye unajua ukaweka R10.4. Kulia kupita kiasi kwa mtoto mchanga kuna namba yake, R68.1, ndugu zake ni mtoto msumbufu asiyetulia. Wewe unaona kabisa kuwa ni koliki, hata mi naona, lakini sisi hatutibu, sisi tunaandika kilichoandikwa. Ukiona hakitoshi unatoka kwenye kiti unaenda kumuuliza daktari, unamkuta anakunywa chai, unamuuliza kwa heshima. Akiandika "kuota meno" basi ni K00.7, ndio, hata meno yana namba.

Toleo la 11 nalo lipo, limeanza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari 2022, na humo koliki ya watoto imehamishwa kutoka kwenye dalili dalili ikapelekwa upande wa mfumo wa chakula, kwenye kundi la matatizo ya utendaji kazi wa tumbo kwa watoto. Mi naona wamefanya vizuri. Miaka yote ilikuwa inakaa na vitu visivyojulikana kama mgeni ambaye hajaonyeshwa chumba. Hii biashara ya kupanga magonjwa kwa namba ni ya zamani kuliko tunavyodhani, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake mwaka 1893 kwenye mkutano Chicago, wakati huo ikiwa ni ya sababu za vifo tu. Kulia kwa mtoto kumekuja kuingia baadae sana.

*Habari kaka. Mi ni dereva, juzi nimeshikwa na maumivu ubavu wa kushoto yanashuka mpaka kwenye korodani, nimeachia gari pale Tabata Relini abiria wakashuka wenyewe. Hospitali karatasi yangu imeandikwa koliki tu. Mke wangu kasoma mitandaoni kakuta ni ugonjwa wa watoto wachanga, ananiita mtoto mpaka leo. Na bima wamekata hela ya ultrasaundi.*

Salama kaka, na shemeji mwambie aache kidogo. Koliki sio ugonjwa wa watoto, koliki ni aina ya maumivu. Ndani ya mwili kuna mirija ambayo ina misuli, kuna kitu kimeziba au kimebana, misuli inakaza ikisukuma, inaachia, inakaza tena, ndio maana yanakuja kwa mawimbi unajinyonganyonga hujui ulale upande gani. Neno halisemi ni mrija upi. Hapo ndipo shida yote ya ukurasa huu ilipo wiki hii.

Maumivu yako kwa jinsi ulivyoyaeleza daktari lazima alimaanisha koliki ya figo, na hiyo kitabu kinaitoa kabisa kwenye R10 kinaipeleka N23. Kama ultrasaundi ilikuta jiwe basi hata N23 tunaiacha, tunaandika jiwe lenyewe, likiwa kwenye figo N20.0, likiwa limeshuka kwenye mrija wa mkojo N20.1. Ukishampata mwizi huandiki tena kelele za mlango. Ingekuwa ni ubavu wa kulia juu, baada ya kula chips za mafuta mengi, tungekuwa kwenye kibofu cha nyongo, K80 na wenzake. Wanawake wenye chango la kila mwezi wako N94. Na mafundi wanaoyeyusha risasi ya betri chakavu bila kinga, sumu ya risasi inaweza ikawaletea msokoto wa tumbo mbaya kweli kweli, hiyo iko T56.0, na kama daktari hajauliza "unafanya kazi gani" haitakaa ijulikane.

Sasa yeye kaandika koliki, nukta. Karani kaangalia, kaweka R10.4. Msomaji wa kleimu kaona maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, alafu ultrasaundi ya figo, akajiuliza figo zimetoka wapi. Akakata. Hapo sio kwamba ulidanganya, ni karatasi yako ilikuwa bubu. Rudi na majibu ya ultrasaundi, omba daktari aongeze maneno mawili, "figo" na "kushoto", atie sahihi na tarehe ya siku anayoongeza. Tarehe ya siku ile ile ya zamani asiandike, hiyo inaitwa kughushi na mtaharibikiwa wote.

*Shikamoo anko. Niko zahanati Kigamboni, asubuhi foleni inafika mlangoni, mtoto wa koliki yuko mzima haumwi kitu, nimwandikie hadithi ya nini? Naandika "colic, reassured", yaani koliki, mama katolewa wasiwasi, namwita anayefuata. Sasa naambiwa niandike vizuri. Vizuri ndio vipi?*

Marahaba daktari. Swali zuri na nakuelewa, mi pia nisingependa kuandika insha wakati kuna mtu anatapika kwenye benchi. Ila angalia, koliki ni ugonjwa wa ajabu, haina kipimo cha damu, haina picha, unaijua kwa kukosekana kwa vitu vingine. Kwahiyo karatasi yenye neno moja haimwonyeshi mtu yeyote kuwa ulivitafuta hivyo vingine. Malaria ina kipimo kinakutetea. Koliki inatetewa na maandishi yako tu.

Zamani kulikuwa na kanuni ya tatu tatu ya daktari Mmarekani Morris Wessel, aliitoa mwaka 1954, kulia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto anayekua vizuri. Tunaipenda kwa sababu inakaa kichwani. Lakini mama gani atakaa na saa wiki tatu anahesabu? Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, vya wataalamu wa matatizo ya tumbo, vikalegeza, kwa kliniki vinataka mtoto awe chini ya miezi mitano dalili zinapoanza na zinapoisha, awe na vipindi virefu vya kulia vinavyojirudia bila sababu ya wazi ambavyo walezi hawawezi kuvizuia wala kuvituliza, na asiwe na homa, ugonjwa, wala kudumaa. Ukiviangalia hivyo vigezo utaona ndio maandishi yenyewe.

Nimekaa nikajaribu kuandika kama ningekuwa wewe, kwa Kiswahili, utageuza mwenyewe kwa Kingereza chako cha hospitali:

"Umri wiki 6, kazaliwa kwa wakati, kilo 3.2. Wiki 3 sasa analia jioni, saa 3 au zaidi, karibu kila siku, akiwa katikati ya hapo anatulia na kunyonya vizuri. Hana homa, hatapiki kijani, choo hakina damu. Hajapewa dawa wala majani. Leo kilo 4.6, joto 36.7. Utosi sawa, masikio sawa, tumbo laini, hakuna ngiri, vidole vyote vimekaguliwa. Koliki ya mtoto mchanga. Mama kaelezwa dalili za hatari, arudi wiki 2."

Nimeihesabu kwa saa ya simu yangu, dakika mbili na kidogo, na mi mwandiko wangu wa pole pole. Angalia uzito, kilo 3.2 kwenda 4.6, hiyo peke yake inamwambia msomaji mtoto anakua. Angalia vidole. Wengi wanaruka, ila unywele wa mama au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto ukakaba, analia usiku kucha watu wanasema koliki, na kidole kinazidi kuvimba ndani ya soksi. Ukiandika "vidole vimekaguliwa" na ukawa umekagua kweli, umemaliza ubishi. Umri uandike kwa maneno, wiki, mwezi, naomba sana, ile 6/52 tuachane nayo, mi ishaniumiza.

Kitu kingine, kama una wasiwasi na jambo lingine usiliandike kama ndio ugonjwa. Ukiandika "utumbo kuingiana?" na alama ya kuuliza, karani mwenye haraka hataiona hiyo alama, ataweka K56.1, na mtoto aliyerudi nyumbani ananyonya atakuwa na historia ya ugonjwa wa upasuaji mpaka anaanza darasa la kwanza. Andika dalili aliyokuja nayo, alafu pembeni andika umempa rufaa kwa sababu gani.

*Mwanangu, mjukuu wangu ndio anaandika mi nasema. Hao madaktari wanaita koliki, sisi tunaita mchango, na mchango una dawa yake. Mbona nikisema nimempa mtoto dawa ya mchango wananifokea na hawaandiki? (Bibi, Buguruni)*

Shikamoo bibi. Kukufokea wamekosea, hilo nalisema wazi, mana mkishafokewa siku nyingine mnanyamaza na hapo ndipo hatari inapokuja. Mtoto akiletwa amelegea, macho yamerudi nyuma, daktari anatakiwa ajue kapewa nini, kiasi gani, lini. Hata kama ni vijiko viwili vya maji ya majani. Mwambie kabisa "andika," na yeye aandike jina mlilolitumia nyumbani, mchango, bila kulitafsiri.

Ila bibi, nikuombe na mi. Mtoto wa chini ya miezi sita wanasema maziwa ya mama tu, hata maji hapewi, na mchango huu wa wiki za mwanzo unaondoka wenyewe, ndio maana kila dawa inaonekana imeponya. Hata ile gripe water ya dukani ambayo watu wanaiona ya kizungu, ilitengenezwa na mfamasia William Woodward wa Nottingham mwaka 1851 na ya zamani ilikuwa na pombe ndani, unafikiri watoto walikuwa wananyamaza kwa nini. Mbebe, mzungushe uani, muimbie. Na mama yake akichoka mpaka anahisi kumtikisa, mchukue wewe mtoto, mwambie akatoke nje apumue. Mtoto hatikiswi hata kidogo, ubongo unaumia. Akipata homa, akatapika kijani, choo kikiwa na damu, akagoma kunyonya, huo sio mchango, ni bajaji moja kwa moja.

*Anko, mtoto ana koliki, mi ndio namzungusha sebuleni usiku, asubuhi nasinzia kwenye mwendokasi nimesimama, juzi nimepitiliza kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Kuna ED ya hii kitu au ndio nivumilie? (Baba mpya)*

Hongera baba kwa kuzungusha. ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, anapewa mgonjwa, na mgonjwa sio wewe. Kwenye kitabu chetu kuna namba Z76.3, mtu mzima wa afya anayemsindikiza mgonjwa, ndio wewe huyo kabisa, lakini haijawahi kumpa mtu usingizi.

Likizo ya baba kwa sheria ya kazi ya 2004 ni siku 3 za malipo, na inachukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, maana yake wakati koliki inaanza zako zimeshaisha. Sheria hiyo hiyo ina siku 4 za malipo mtoto akiugua, wengi hawazijui wanazikumbuka kwenye msiba tu. Kwahiyo ukimpeleka mtoto hospitali omba karatasi yenye jina la mtoto, jina lako kama mzazi, tarehe mliyoonwa, na ugonjwa umeandikwa kwa maneno, "koliki ya mtoto mchanga". Asikuandikie R10.4 peke yake, HR wako atadhani ni tumbo lako.